Carton, Madame Defarge au Daktari Manette: umchague nani katika A Tale of Two Cities?

Riwaya ya Charles Dickens, A Tale of Two Cities, ina sura 45 na wahusika wa kutosha kumchanganya mtu aliyepewa insha ya kurasa nne. Darasani mwanafunzi huambiwa achague mhusika mmoja na dhamira moja. Kwenye kikundi cha usomaji swali huja kwa sura nyingine: wewe uko upande wa nani? Wengi hukimbilia kwa Sydney Carton kwa sababu kifo chake kinagusa moyo. Wachache huenda kwa Madame Defarge. Mimi nashauri mtu wa tatu, Daktari Alexandre Manette, na sababu nitazitoa. Lakini kwanza tuwapange wahusika wawili wawili, maana Dickens mwenyewe aliwaumba hivyo, kila mmoja akiwa na mwenzake wa kumpima.

Mwisho wa hadithi nitautaja. Ambaye hajaisoma na anataka kuufikia mwenyewe, asome kitabu kwanza.

Jambo moja la historia litamsaidia yeyote atakayeandika. Dickens aliitoa riwaya hii kila wiki katika jarida lake mwenyewe, All the Year Round, kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 26 Novemba 1859. Msomaji alisubiri siku saba kati ya kipande na kipande, kwa hiyo kila mhusika alihitaji alama ya kumkumbusha: mmoja anafuma, mwingine ana nywele za dhahabu, wa tatu anashona viatu. Ndiyo maana wachambuzi wengi husema wahusika wa humu ni bapa, yaani hawana kina. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa wengine ile alama ni mlango tu, na nyuma yake kuna mtu mzima mzima.

Carton na Darnay

Hawa wawili wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na hadithi nzima inategemea mfanano huo. Mwaka 1780 Charles Darnay anashtakiwa kwa uhaini katika mahakama ya Old Bailey, London. Akipatikana na hatia, atakatwakatwa vipande mbele ya umati. Shahidi anaapa kwamba alimwona mtu huyu na si mwingine. Hapo wakili Stryver, kwa kudokezwa na Carton, anamwomba shahidi amtazame mwanasheria aliyekaa kizembe pembeni, wigi lake likiwa limevuliwa. Sura ni ile ile. Ushahidi unaporomoka na Darnay anaachiwa.

Darnay ni mtoto wa makabaila wa Ufaransa, ukoo wa Evrémonde. Ameacha jina, ameacha mashamba, na London anajipatia riziki kwa kufundisha Kifaransa. Carton ni Mwingereza mwenye akili kali ambaye usiku hujifunga taulo la maji baridi kichwani na kuandaa kesi ambazo asubuhi Stryver atazinadi kama zake. Anakunywa kupita kiasi. Baada ya kesi anakula chakula cha usiku na Darnay, kisha, akiwa peke yake, anajitazama kwenye kioo na kukiri kwamba anamchukia mtu yule, kwa sababu anamwonyesha alikoanguka kutoka na alivyoweza kuwa.

Wote wawili wanampenda Lucie Manette, binti wa Daktari Manette. Darnay anamwoa. Carton anamwahidi kwamba siku moja, kwake yeye au kwa yeyote ampendaye, atatoa chochote alicho nacho. Mwezi Desemba 1793, katika gereza la Conciergerie mjini Paris, anaitimiza ahadi hiyo: anamnusisha Darnay dawa ya kumpoteza fahamu, anavaa nguo zake, na kwenda kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, badala yake.

Ukitaka mhusika duara, anayebadilika mbele ya macho yako, Carton ni chaguo salama. Una mwanzo wake mchafu, una hatua za katikati, una mwisho. Una pia dhamira iliyofungwa naye moja kwa moja, yaani ufufuo. Usiku wa kuamkia kesi ya mwisho ya Darnay, anapotembea peke yake katika mitaa ya Paris, yanamrudia maneno yaliyosomwa kaburini kwa baba yake: “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Msomaji aliyewahi kuhudhuria mazishi ya Kikristo atayatambua mara moja, na Dickens aliyategemea masikio ya aina hiyo.

Ila ukimchagua Carton, jihadhari na kosa linalojirudia katika insha nyingi. Yale maneno mashuhuri ya mwisho, kwamba jambo analofanya sasa ni bora mno kuliko yote aliyowahi kufanya, Carton hayatamki popote. Dickens anaandika kwamba kama angeyasema mawazo yake, na kama yangekuwa ya kinabii, yangekuwa haya. Kwa hiyo ni sauti anayopewa na msimulizi. Unaweza kuuliza: je, tunajua kweli Carton aliwaza nini pale juu, au tunajua tu kile Dickens alichotamani awaze? Hilo ni swali zuri la insha, na linakutoa katika kumsifu shujaa na kukuingiza katika uchambuzi.

Kuna pia yule msichana mshonaji anayeongozana naye. Ana miaka 20, maskini, hana ndugu isipokuwa binamu mmoja anayeishi mashambani, na amehukumiwa kwa njama asizozijua. Anagundua kwamba mtu huyu si Evrémonde. Anamuuliza kwa sauti ya chini kama anakufa kwa ajili ya mwingine, kisha anaomba amshike mkono. Kabla ya hapo amesema neno ambalo kwangu ni zito kuliko hotuba yote ya mwisho: hakatai kufa kama kifo chake kitawafaa maskini, maana Jamhuri imekusudia kuwatendea maskini mema mengi, lakini haoni ni kwa namna gani. Wanaouawa siku hiyo ni 52. Yeye ni wa 22 katika hesabu ya wanawake wanaofuma huku wakihesabu vichwa, Carton ni wa 23. Kafara la Carton linaokoa familia moja na haliwagusi wale wengine 51. Ukimchagua Carton, usimwache binti huyu nje ya insha. Bila yeye, kifo kile kinabaki kuwa cha mapenzi tu. Yeye ndiye anayekirudisha ndani ya Mapinduzi ya Ufaransa.

Na Darnay? Watu humdharau kwamba ni mwema asiye na ladha, na kwamba kurudi Paris mwaka 1792, mapinduzi yakiwa yamepamba moto, ni upumbavu. Mimi namtetea kidogo. Barua ya Gabelle, mtumishi wa ukoo aliyekamatwa, ni sababu ya juu juu tu. Ya ndani ni mama yake, ambaye kabla ya kufa alimwachia wasia wa kuwahurumia waliodhulumiwa na ukoo wao na kuwalipa haki yao. Mama huyo alikuwa akimtafuta binti mmoja aliyesalia katika familia iliyoangamizwa na mumewe na shemeji yake, ili amsaidie. Hakumpata. Binti huyo ndiye Madame Defarge. Yaani Darnay aliachiwa deni kwa mwanamke ambaye sasa anataka kichwa chake, na wala hajui. Kama dhamira yako ni mtoto kubeba dhambi za baba, Darnay anakufaa kuliko Carton, hata kama insha itakuwa na machozi machache zaidi.

Madame Defarge na wanawake wengine

Mpinzani wa kawaida wa Madame Defarge ni Lucie: mmoja ni chuki, mwingine ni upendo. Ulinganisho huo upo kitabuni, lakini haukufikishi mbali. Lucie ni mwema kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, anazimia, anafarijiwa, anafariji. Kama umepewa swali kuhusu “uzi wa dhahabu” unaofunga maisha ya baba na ya mume, mtumie. Vinginevyo mpite.

Miss Pross, mlezi wa Lucie, ana nguvu zaidi. Pambano lake na Madame Defarge katika nyumba iliyohamwa ni la wanawake wawili wasiojua hata neno la lugha ya mwenzake, kila mmoja akiongea kwa lugha yake na wote wakielewana kabisa. Bastola inalia mikononi mwao, Madame Defarge anakufa, na Miss Pross anakuwa kiziwi tangu siku hiyo. Dickens anatamka wazi kwamba upendo una nguvu kuliko chuki. Sipendi anavyolisema hilo kwa kidole, kana kwamba hamwamini msomaji. Lakini ule uziwi ni wa kweli: mwema ameshinda na amelipa, na kitu alichopoteza hakirudi.

Madame Defarge mwenyewe ndiye anayestahili kutafakariwa. Yuko nyuma ya kaunta ya duka la mvinyo mtaa wa Saint Antoine, Paris, anafuma. Katika ufumaji wake, kwa alama anazozijua yeye peke yake, anaandika majina ya watakaouawa. Jasusi Barsad anapoingia dukani, anachomeka ua la waridi kichwani, na wateja wanaanza kutoka mmoja mmoja bila neno. Ukurasa ule peke yake unaonyesha mapinduzi yanavyopikwa miaka kabla ya kulipuka: subira, alama, orodha. Mumewe anapolalamika kwamba siku ile inachelewa mno, anamjibu kwamba kisasi na malipo vinahitaji muda mrefu, ndiyo kanuni.

Kwa nini anachukia hivyo? Tunalijua jibu mwishoni tu. Mwaka 1757 mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Evrémonde alimtaka dada yake, mke wa mkulima. Mume alifungwa kwenye gari kama farasi na kuendeshwa mchana, na usiku alisimamishwa nje kwenye viwanja vya mabwana awanyamazishe vyura wasiwasumbue waliolala. Akafa. Baba akafa kwa huzuni. Kaka, kijana asiyezidi miaka 17, alichomwa upanga. Dada akafa akipiga kelele na kuhesabu hadi kumi na mbili, tena na tena. Mdogo alitoroshwa, akalelewa na wavuvi pwani. Huyo mdogo ndiye Madame Defarge.

Ukishayajua hayo, soma tena jibu lake anapoambiwa na mumewe kwamba lazima pawe na mahali pa kukoma: uambie Upepo na Moto mahali pa kukoma, usiniambie mimi. Mara ya kwanza unasikia ukatili. Mara ya pili unamsikia mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza makabaila wakome wapi.

Hata hivyo kuna udhaifu, na insha nzuri itausema. Dickens anamnyang'anya huruma yote. Anamwita chui jike. Anamfanya atake Lucie afe, na mtoto mdogo wa Lucie naye afe. Mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kuonyesha dhuluma inavyomtengeneza mtu, mwishoni anamfanya mtu huyo kuwa karibu na mnyama. Wakati huo huo, sura ya mwisho inasema waziwazi kwamba ukiuponda ubinadamu kwa nyundo zile zile utapinda kwa maumbo yale yale. Sentensi hiyo inamtetea Madame Defarge kuliko mwandishi alivyokuwa tayari kumtetea. Ukimchagua yeye, ishi ndani ya mgongano huo, usijaribu kuufuta.

Dhamira: ufufuo, kisasi, au miji yenyewe

Ufufuo unaonekana rahisi kwa sababu umetapakaa kila mahali. Kitabu cha Kwanza kinaanza usiku wa Novemba 1775, gari la posta likipanda mlima kwenye njia ya Dover, na mzee Jarvis Lorry wa benki ya Tellson anatuma jibu la maneno machache: amerudishwa kwenye uhai. Manette anatoka kaburi la Bastille, gereza la Paris. Darnay anatolewa mara tatu kwenye mdomo wa kifo. Hata Jerry Cruncher, tarishi wa benki, usiku hufukua maiti na kuwauzia madaktari, na kazi hiyo mitaani ilijulikana kwa jina la ufufuaji. Dhamira yenye mifano mingi namna hii inamfaa mwanafunzi mwenye muda mfupi. Hatari yake ni kugeuka orodha: huyu kafufuka, na huyu naye kafufuka, basi.

Kisasi kinadai kazi zaidi, maana lazima uonyeshe sababu na matokeo. Mfuatie Gaspard. Pipa la mvinyo linapasuka mtaani, watu wanajitupa chini kunywa kwenye mawe, na Gaspard anachovya kidole kwenye tope la mvinyo na kuandika ukutani neno DAMU. Baadaye gari la Marquis Evrémonde, ami yake Darnay, linamkanyaga mtoto wake, na Marquis anamtupia sarafu. Gaspard anamuua Marquis kitandani. Ananyongwa kwenye mti wa futi 40 juu ya kisima cha kijiji, na maiti inaachwa ining'inie hapo, juu ya maji wanayokunywa watu. Kisha kasri linachomwa. Mnyororo mzima huo umekamilika bila hotuba hata moja.

Wapo wanaochagua miji miwili: London ya amani dhidi ya Paris ya damu. Chaguo hili linavutia kwa sababu liko kwenye jina la kitabu, na ndilo linalodanganya kuliko yote. London ya Dickens si ya amani. Umati wa Old Bailey unasubiri Darnay akatwekatwe kwa hamu ile ile ya wanawake wa gilotini, na sheria za Uingereza za wakati huo ziliua hata kwa wizi mdogo. Mlangoni mwa benki ya Tellson, kwenye lango la Temple Bar, vilitundikwa vichwa vya waliouawa. Hapo Dickens anasema ukatili huo ulistahili Abyssinia au Ashantee. Sisi wasomaji wa Afrika tusimwachie sentensi hiyo ipite. Vichwa vilitundikwa na Waingereza, London, kwa sheria yao, na bado ilibidi jina la Afrika likopwe ili kueleza unyama wao. Ukichagua dhamira ya miji miwili, mstari huo utakupa mji wa tatu ambao mwandishi hakukusudia kuutaja, na nafasi ya kusema jambo ambalo mwenzako wa London huenda asilione.

Daktari Manette

Sasa sababu zangu. Carton anabeba ufufuo. Madame Defarge anabeba kisasi. Manette anabeba vyote viwili, na ndani yake vinapigana.

Tunakutana naye chumba cha darini, juu ya duka la mvinyo la Defarge, ameinama kwenye benchi anashona kiatu. Anaulizwa jina, anajibu: Mia Moja na Tano, Mnara wa Kaskazini. Hiyo ndiyo namba ya chumba chake Bastille, alikofungwa miaka 18 bila kesi. Sauti yake, anasema Dickens, ni hafifu kama mwangwi wa mwisho wa sauti iliyotoka zamani sana. Shingoni ana kitambaa kilichokunjwa, ndani yake nyuzi chache za nywele za mkewe, na anazilinganisha na nywele za binti aliyesimama mbele yake. Ni polepole, kwa mkono unaotetemeka, na ni tukio la ufufuo lililo bora kuliko lote la Carton, kwa sababu halikamiliki. Hafufuki mara moja. Anarudi, anazama, anarudi.

Dickens aliyajua anayoyaandika. Baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea mwaka 1824, yeye akiwa na miaka 12. Mwaka 1842 alilitembelea gereza la Philadelphia, Marekani, ambako wafungwa waliwekwa kila mmoja peke yake, na akaandika kwamba kuichezea akili ya mtu namna hiyo, kidogo kidogo kila siku, ni vibaya kuliko mateso yoyote ya mwili. Manette ni hoja hiyo ikiwa na mwili na jina.

Asubuhi ya harusi ya Lucie, Darnay anamweleza mkwewe faraghani jina lake halisi. Evrémonde. Manette anambariki, anawaaga maharusi, na wakishaondoka anarudi kwenye benchi. Siku tisa anashona viatu na hamtambui mtu. Siku ya kumi anaamka akiwa mzima, na hapo inakuja sura ninayoipenda kuliko zote kitabuni. Lorry anamwomba ushauri wa kidaktari kuhusu “rafiki” mmoja aliyepatwa na mshtuko wa namna hii. Manette anajua ni yeye, Lorry anajua kwamba anajua, na wote wanaendelea kumzungumzia huyo rafiki. Daktari anaeleza kwa utulivu kwamba kazi ya vidole iliondoa kazi ya akili, kwamba ilimpunguzia mgonjwa maumivu, na kwamba ni vigumu kumwomba aache kitu kilichomwokoa. Anajitibu mwenyewe kwa nafsi ya tatu. Anakubali vifaa viondolewe, mradi mwenyewe asiwepo. Akiwa safarini, Lorry na Miss Pross wanalipasua benchi usiku kwa shoka na kulichoma, wakijiona kama wauaji.

Paris, mwaka 1792, mambo yanageuka. Mfungwa wa zamani wa Bastille ni mtu wa heshima kuu kwa wanamapinduzi. Manette anafanywa daktari wa kukagua magereza matatu, likiwemo La Force alimofungwa Darnay. Kwa mara ya kwanza anaona mateso yake yana faida. Anamwambia Lorry kwamba yote yale yalielekea kwenye mwisho mwema, hayakuwa hasara tupu. Anasimama mahakamani, anazungumza, na Darnay anaachiwa.

Usiku huo huo Darnay anakamatwa tena. Washtaki ni watatu: Defarge, mkewe, na wa tatu ambaye jina lake litatajwa kesho. Kesho yake linatajwa: Daktari Alexandre Manette. Siku Bastille ilipoanguka, tarehe 14 Julai 1789, Defarge aliingia chumba namba 105 na kutoa kwenye dohani karatasi. Ni barua aliyoiandika Manette Desemba 1767, kwa ncha ya chuma yenye kutu, wino ukiwa masizi na mkaa vilivyochanganywa na damu. Ndani yake anasimulia jinsi ndugu wa Evrémonde walivyomchukua usiku amtibu yule dada na yule kaka, na jinsi walivyomfunga aliporipoti alichokiona. Anamalizia kwa kuwashtaki mbele ya mbingu na dunia, wao na vizazi vyao, hadi wa mwisho wa ukoo wao.

Hadi wa mwisho. Mtoto mdogo wa Lucie ni wa ukoo huo. Manette amemlaani mjukuu wake miaka mingi kabla hajazaliwa. Na Madame Defarge anapomtaka mtoto huyo, hafanyi jambo jipya. Anaitekeleza barua ya Manette neno kwa neno, baada ya mwandishi wake kuwa amesamehe. Tofauti kati ya hawa wawili si kwamba mmoja alidhulumiwa na mwingine hakudhulumiwa. Waliumizwa na watu wale wale, katika mkasa ule ule. Mmoja alipata binti wa kumrudisha. Mwingine hakupata mtu.

Ndiyo maana nasema Manette anaruhusu insha ambayo Carton na Madame Defarge, kila mmoja peke yake, hawairuhusu. Ukiwa na Carton utaandika juu ya msamaha bila kugusa madai ya waliodhulumiwa. Ukiwa na Madame Defarge utaandika madai bila kujua yangepoaje. Manette amesimama pande zote mbili za mahakama: ni shahidi wa utetezi na ni mshtaki. Usiku wa hukumu anarudi kwa Lorry akiuliza benchi lake liko wapi, kwamba muda unakwisha na lazima amalize viatu vile. Ufufuo umegeuzwa na kisasi alichokiandika mwenyewe.

Ana upungufu wake. Baada ya hapo Dickens anamwacha. Katika sura za mwisho ni mzee anayelialia garini wakati familia inatoroka Paris, na nafasi yote anapewa Carton. Kama mtahini wako anataka mhusika anayefikia kilele cha hadithi, hilo litakupunguzia alama.

Basi chagua kwa kuangalia ulichoulizwa. Swali likiwa juu ya mabadiliko ya mhusika au kujitoa mhanga, mchukue Carton: Kitabu cha Pili sura ya 4, 5 na 13, kisha Kitabu cha Tatu sura ya 9, 13 na 15. Likiwa juu ya sababu za mapinduzi, au mwanamke na madaraka, mchukue Madame Defarge: Kitabu cha Pili sura ya 15, 16, 21 na 22, halafu Kitabu cha Tatu sura ya 12 na 14. Darnay anafaa kwa swali la urithi wa dhambi, na sura ya 9 na 24 za Kitabu cha Pili zinatosha kuanzia. Kwa Manette, soma sura ya 6 ya Kitabu cha Kwanza, ya 18 na 19 za Kitabu cha Pili, na ya 4, 10 na 12 za Kitabu cha Tatu, ukiiweka ile ya 10, yenye barua, kando ya mazungumzo yake na Lorry katika ile ya 19. Na kama una jioni moja tu kabla ya kikundi kukutana, anza na hizo mbili.